Pointi na kondensa za gari la zamani: Kifaa kidogo, amana kubwa

Magari ya zamani hayajatoweka katika Nyanda za Juu Kusini. Katika mitaa ya Mbeya na Iringa, na zaidi katika mashamba ya pembezoni, bado yapo mabanda ambamo imeegeshwa Land Rover ya petroli, Peugeot 404 ya kubebea mizigo, Volkswagen yenye mgongo kama wa kobe, au Datsun ndogo ambayo baba aliinunua enzi za utumishi wake. Baadhi yanatembea hadi leo. Mengine yamesimama miaka mingi chini ya turubai, na mgeni akiuliza huambiwa neno moja tu: injini imekufa.

Mara nyingine neno hilo ni la kweli. Mara nyingine injini haijafa hata kidogo. Kilichokufa ni kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kinachokaa ndani au ubavuni mwa distribyuta, na ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya thamani ya gari lenyewe. Makala hii inahusu kifaa hicho, yaani kondensa, pamoja na mwenzake wa karibu, pointi: namna ya kuvitambua vilivyo vizima, namna ya kuvichagua dukani, na wajibu wa kila mmoja anayevishika, awe muuzaji, fundi au mwenye gari.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini habari ya gereji iingie katika kurasa za familia. Sababu ziko mbili. Kwanza, magari haya aghalabu ni mali ya urithi. Mwenye kusema kwamba gari limekufa, na mwenye kulinunua kwa bei ya skrepa baada ya kauli hiyo, wote wawili wanagusa haki za wajane na mayatima. Pili, gari linalozimika njiani huwa limebeba watu: mama, watoto, wazee wanaokwenda arusini au mazikoni. Katika barabara zetu za milimani, kuzimika si usumbufu tu, bali ni hatari.

Kazi ya vifaa hivi viwili

Injini ya petroli huwaka kwa cheche. Betri ya gari hutoa volti 12, lakini plagi haiwezi kuruka cheche bila maelfu ya volti. Kazi ya kuzikuza volti hizo hufanywa na koili, na koili haifanyi kitu bila pointi.

Pointi ni vipande viwili vya chuma kigumu, kila kimoja na uso wake mdogo wa mviringo. Vinapogusana, umeme hupita katika koili na kujenga nguvu ya sumaku. Vinapoachana, umeme hukatika, nguvu ile ya sumaku huporomoka kwa ghafla, na katika kuporomoka huko volti huruka kufikia maelfu. Rota na kofia ya distribyuta huzipeleka volti hizo kwenye plagi ambayo zamu yake imefika.

Hapo ndipo kondensa inapohitajika. Umeme uliokuwa ukipita haukubali kukatwa kwa urahisi. Pointi zinapoanza kuachana, hutaka kuruka mwanya na kuendelea na safari. Ukiachiwa ufanye hivyo, utaunguza nyuso za pointi, na koili haitaporomosha nguvu yake kwa kasi inayotakiwa. Kondensa huupokea umeme huo kwa kitambo kidogo sana. Wakulima wa mpunga wa Usangu wanaweza kuifananisha na kidimbwi kilichochimbwa pembeni ya mfereji: lango likifungwa ghafla, maji yenye kasi hupata mahali pa kuingia badala ya kubomoa kingo.

Kazi hii ni nzito kuliko inavyoonekana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunga na kuachana mara 6,000 katika dakika hiyo moja. Kwa saa moja ni mara 360,000. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, mwendo wa saa kama tano kwa gari la umri huo. Katika safari hiyo moja, vipande viwili vya chuma vinaweza kugongana zaidi ya mara milioni moja na nusu. Mfumo huu, ambao asili yake ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, ulitawala magari ya petroli kwa zaidi ya nusu karne, hadi vifaa vya elektroniki vilipoanza kuchukua nafasi yake katika miaka ya 1970. Magari ya dizeli hayana pointi wala kondensa, kwa kuwa dizeli huwaka kwa mgandamizo, na magari mengi ya petroli ya siku hizi pia hayana.

Kwanza ujue kilichoharibika

Kabla ya kwenda dukani, inafaa kuwa na hakika kwamba tatizo lipo hapo. Dalili za pointi zilizochoka ni gari kuwaka kwa shida asubuhi, kumisi, kukosa nguvu mlimani na kula mafuta kuliko kawaida. Dalili ya kondensa inayokufa ni ya kipekee zaidi: gari huwaka vizuri likiwa baridi, hutembea nusu saa au saa moja, kisha huanza kukohoa na kuzima. Likipumzika na kupoa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mwenye gari hudhani ni mafuta au kabureta, na wapo wanaobadilisha kabureta nzima kwa kosa la kondensa.

Upo uchunguzi mwepesi. Ondoa kofia ya distribyuta na rota, kisha mtu apige stata huku mwingine akitazama pointi. Cheche ndogo isiyoonekana sana ni kawaida. Cheche kubwa ya samawati inayoruka kila pointi zinapoachana, huku plagi ikitoa moto dhaifu, inaashiria kondensa isiyopokea umeme tena. Pasipo cheche yoyote kwenye pointi, inawezekana kondensa imeshoti kwa ndani, au pointi hazigusani, au umeme haufiki kabisa. Dawa ya uhakika ni kufungua waya wa kondensa inayoshukiwa na kuunganisha kwa muda kondensa nyingine inayojulikana kuwa nzima. Gari likitulia, jibu limepatikana.

Tahadhari ni muhimu hapa. Waya wa koili hubeba volti zinazoweza kumrusha mtu, na ni hatari zaidi kwa mwenye maradhi ya moyo. Gari liwe gia huru na breki ya mkono imevutwa, watoto wakae mbali, na pasiwe na petroli inayovuja karibu na cheche.

Kuchagua pointi

Kosa la kwanza dukani ni kuomba kwa jina la gari. Muuzaji akiambiwa "pointi za Land Rover" atatoa alicho nacho. Pointi hazifuati gari, hufuata distribyuta. Land Rover za zamani zenye injini ya petroli ya lita 2.25 nyingi zilikuwa na distribyuta za Lucas, lakini hata Lucas yenyewe ilikuwa na miundo tofauti: pointi za 25D haziingii katika 45D, na baadhi ya gari za baadaye zilitoka na distribyuta za Ducellier. Zaidi ya hayo, gari lenye miaka 50 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na distribyuta iliyomo leo huenda si ile iliyotoka nayo kiwandani. Soma jina na namba zilizochongwa ubavuni mwa distribyuta, uziandike, kisha nenda dukani na pointi za zamani mkononi.

Zilinganishe mbili hizo, ya zamani na mpya, juu ya kaunta. Tazama tundu la skrubu, kijiti cha egemeo, kimo, na upande ambao waya hutokea. Kisha chunguza mambo manne.

La kwanza ni nyuso. Zikutane uso kwa uso, katikati kwa katikati. Zikikutana pembeni au kwa mshazari, zitaungua upesi. La pili ni kisigino, yaani kile kipande cha plastiki ngumu au faiba kinachosuguana na kemu. Kiwe kigumu, kilichoshikiliwa imara, kisichocheza. Kisigino laini hulika baada ya safari chache; kikilika, mwanya hupungua, moto huchelewa, na gari hupoteza nguvu kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. La tatu ni springi. Ikiwa legevu, pointi zitashindwa kufunga kwa wakati injini inapokwenda kasi. Ikiwa ngumu mno, itakimaliza kisigino na kemu. La nne ni vizuizi vya umeme: vile vidude vidogo vya plastiki kwenye skrubu ya waya. Vikiwa vimepasuka au havikai sawasawa, pointi hushoti na gari haliwaki kabisa.

Pointi mpya mara nyingi hupakwa mafuta au nta ya kuzuia kutu. Zifute kwa kitambaa safi chenye spiriti kabla ya kuzifunga. Watu wengi hurudisha pointi dukani kwa kudai ni mbovu, kumbe nta haikufutwa. Paka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye kemu, si zaidi, kwa sababu grisi ikirukia nyuso za pointi huziunguza.

Mwanya upimwe kwa fila, wala usikisiwe kwa kucha wala kwa kipande cha boksi la sigara. Land Rover ya Lucas hutaka kati ya milimita 0.35 na 0.40. Volkswagen yenye distribyuta ya Bosch hutaka milimita 0.4, na Peugeot 404 pia ni 0.4. Datsun 1200 hutaka kati ya 0.45 na 0.55. Baada ya kuweka mwanya, taimingi irekebishwe, kwa maana ukigusa kimoja umegusa kingine.

Endapo pointi mpya zinaungua ndani ya wiki chache, usinunue nyingine kabla ya kuichunguza koili. Zipo koili zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja na kizuizi cha kupunguza volti. Fundi akifunga koili ya namna hiyo bila kizuizi chake, umeme mwingi mno hupita kwenye pointi, nazo hazidumu hata zikiwa bora kiasi gani.

Kuchagua kondensa

Pointi zinaweza kuhukumiwa kwa macho. Kondensa haiwezi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kopo lake dogo limefungwa. Ndani yake kuna karatasi mbili nyembamba za chuma zilizoviringishwa pamoja, zikitenganishwa na karatasi yenye nta au plastiki. Ubora wote umo katika kitenganishi hicho na katika namna waya ulivyounganishwa ndani. Nje, kondensa nzuri na mbaya hufanana kama mapacha.

Hata hivyo zipo ishara. Shika waya pale unapoingia katika kopo, uuvute kwa upole na uuzungushe: usicheze. Tikisa kopo karibu na sikio: pasiwe na kinachogonga. Tazama bamba la kufungia: liwe limeshikamana na kopo, kwa kuwa umeme hurudi kwenye bodi kwa njia hiyo, na bamba legevu huleta kumisi kusikoeleweka. Waya uwe laini na wenye urefu unaotosha, maana katika distribyuta zenye bamba linalozunguka, waya mgumu hukatika kwa ndani huku ganda lake likionekana zima.

Ukiwa na mita ya umeme yenye kupima uwezo wa kondensa, ipime. Nyingi za magari haya huwa na kati ya maikrofaradi 0.18 na 0.30. Iliyo chini sana au juu sana ya kiwango husababisha chuma kuhama kutoka uso mmoja wa pointi kwenda mwingine, hata upande mmoja ukawa na shimo na mwingine kichuguu. Lakini usitosheke na kipimo hicho peke yake. Mita ndogo hupima kwa volti chache, ilhali kondensa ikiwa kazini hukabiliwa na volti mia kadhaa na joto la injini. Inaweza kufaulu mezani na kufeli barabarani.

Kutokana na hali hiyo, mazoea mawili yanafaa kuachwa. La kwanza ni kubadilisha kondensa kila zinapobadilishwa pointi. Pointi huchakaa kwa kusuguana. Kondensa haisuguani na kitu. Ambayo imefanya kazi miaka mitano bila tatizo imekwisha kujithibitisha, na kuitupa ili kufunga isiyojulikana ni kubadilisha yakini kwa shaka. La pili ni kuamini kwamba kifaa chochote cha zamani kilichokaa ghalani ni bora kuliko kipya. Kwa pointi, kauli hiyo mara nyingi ni sahihi, kwani kutu kidogo hufutika. Kwa kondensa za karatasi si hivyo: unyevu huingia polepole kwa miaka, na iliyokaa kwenye boksi miaka 40 inaweza kuwa imekufa bila kufanya kazi hata siku moja.

Wapo wanaoamua kuondoa pointi kabisa na kufunga kifaa cha elektroniki kinachokaa palepale ndani ya distribyuta. Ni uamuzi wa maana kwa gari linalotumika kila siku: hakuna kisigino cha kulika, na mwanya hauhamihami. Ila kifaa hicho kikifa njiani, hakirekebishwi kwa bisibisi wala msasa. Mwenye kukifunga ahifadhi pointi na kondensa zake nzima katika gari, ili aweze kuzirudisha siku ya dharura.

Barabara ndiyo mizani

Wakazi wa Mbeya wana mizani ambayo hata maabara haina. Mtu akifunga kondensa mpya na kuijaribu asubuhi ya Juni katika mitaa ya Mbeya, baridi itaificha kasoro. Injini haipati joto la kutosha, na kondensa dhaifu huonekana nzima. Fundi hupokea ujira wake, familia hupakia mizigo.

Baada ya Alfajiri safari huanza. Gari hupita Uyole, huteremka kuelekea Igurusi, na kuingia katika uwanda wa Usangu ambako jua la Chimala halifanani kabisa na la Mbeya. Hapo, injini ikiwa imekwishapata moto wa saa nzima na hewa ya nje nayo ni ya joto, kondensa mbovu hufichua siri yake. Ikivumilia hapo, bado kuna kupanda kuelekea Makambako na Mafinga, ambako injini hufanya kazi nzito zaidi. Na kwa anayeendelea mbele ya Iringa kwenda Morogoro, kuna Kitonga.

Barabara hii imekuwa ya malori tangu Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 11, 1965, na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta na shaba yake upande wetu. Bomba la TAZAMA la mwaka 1968 na reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 vilipunguza mzigo, lakini malori hayakuisha, na leo ni mengi kuliko zamani. Gari dogo linalozimika katikati ya mlima, kwenye kona, nyuma yake lori lenye tela, limewaweka watu wake mahali pabaya mno.

Hivyo kondensa mpya isiende safari ndefu kabla haijajaribiwa. Itembezwe kwanza siku kadhaa karibu na nyumbani, na angalau mara moja itembezwe saa nzima mfululizo wakati wa jua, kisha gari lizimwe, lisubiri dakika kumi injini ikiwa bado na moto, na kuwashwa tena. Likiwaka kwa mkupuo mmoja, kuna matumaini. Na ile ya zamani iliyokuwa nzima isitupwe. Iandikwe "nzima" na kuwekwa kwenye sanduku la spana.

Amana ya muuzaji na ya fundi

Kama kondensa haiwezi kuhukumiwa kwa macho, basi mnunuzi hutegemea kwa sehemu kubwa ukweli wa muuzaji. Uislamu haukuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alieleza kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Boksi lenye jina kubwa lililofungia kondensa dhaifu ni rundo lilelile: kavu juu, bichi chini.

Mwenye duka la spea si lazima auze bidhaa ghali pekee. Bei nafuu si dhambi. Kinachotakiwa ni kusema: hii ni ya kiwandani, hii ni ya kuiga, hii imetumika. Mnunuzi aamue akijua. Imepokewa pia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka huondolewa. Wanazuoni wa fiqhi wamefafanua haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa anapokuta ndani yake aibu iliyokuwepo kabla hajainunua. Maandishi ya kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi yasimfanye Muislamu mwenye duka ajione amesalimika mbele ya Mola wake. Awaulize masheikh hukumu yake. Kwa upande wa sheria ya nchi, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia, na mnunuzi aliyeuziwa alama ya kughushi ana mahali pa kupeleka malalamiko.

Fundi naye ana sehemu yake. Aliyetumwa dukani na mwenye gari ni wakili wake, na fedha aliyopewa ni amana. Kuweka cha juu kwa siri, au kukubali kondensa mbovu kwa sababu duka fulani humpa chochote, ni kuila amana hiyo. Ujira wa kwenda sokoni ni halali; na autaje wazi, ukubaliwe, uchukuliwe kwa moyo mweupe. Vilevile amrudishie mwenye gari vifaa vya zamani. Kifaa kilichotolewa ni mali ya mwenye gari hata kama kinaonekana takataka, na mara nyingine, kama tulivyoona, ndicho kizima kuliko kipya.

Kabla ya kusema gari limekufa

Turudi kwenye lile gari lililo chini ya turubai. Chukulia kwamba mwenye nyumba amefariki, ameacha mjane na watoto ambao baadhi yao hawajabaleghe. Land Rover yake imesimama tangu alipougua. Anakuja mtu, anapiga stata mara mbili, anatikisa kichwa, na kusema injini imekwisha. Anatoa fedha kidogo kama msaada. Wiki mbili baadaye gari hilohilo linaonekana barabarani likiunguruma, na kilichowekwa ni pointi, kondensa na betri.

Ikiwa mtu huyo alijua, amekula mali ya yatima, na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 10, amewaonya wenye kuila mali hiyo kwa dhulma kwamba wanajaza moto matumboni mwao. Ikiwa hakujua, bado wenye kusimamia mirathi walikuwa na wajibu wa kupata kauli ya fundi zaidi ya mmoja kabla ya kuuza. Gari ni sehemu ya tarika kama shamba na nyumba. Thamani yake huhesabiwa, madeni ya marehemu na wasia hutangulizwa, kisha kila mrithi hupata fungu lake. Thamani hiyo haiwezi kukadiriwa kwa haki endapo hakuna aliyefungua hata kofia ya distribyuta.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Betri yenye nguvu iazimwe kwa jirani. Injini izungushwe kwanza kwa mkono, ili kuona kama haijashika. Pointi zilizolala miaka mingi hufanya ukungu juu ya nyuso zake, ambao peke yake unatosha kuzuia umeme; zipitishwe msasa laini na kufutwa. Kondensa ibadilishwe kwa muda na iliyo nzima. Petroli ya zamani imwagwe na kuwekwa mpya kidogo. Baada ya hayo, fundi akisema injini imekufa, neno lake litakuwa na uzito, na warithi watauza bila kinyongo.

Vijana wa nyumbani, wa kiume na wa kike, wafundishwe mambo haya. Kijana anayejua kusoma fila, kufuta pointi na kutambua cheche mbaya hatadanganywa kirahisi gereji, na huenda akapata humo ufundi wa kumwingizia riziki ya halali. Ni elimu ya mchana mmoja, na darasa lake lipo uani.

Na kwa anayejiandaa kusafiri wiki hii, sanduku lake liwe na haya: pointi moja zilizokwisha kusafishwa, kondensa moja iliyothibitishwa barabarani, rota ya akiba, fila, bisibisi ndogo, msasa laini, kitambaa kikavu, na pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Aisome dua ya safari, afunge mkanda, na aondoke mapema. Inshaallah Chimala ataipita kabla jua halijawa kali.